Elisha Alikwenda Chemchemini

Somo la juma: 2 Wafalme 2:19–22



Wazee wa Yeriko walimwendea Elisha na shida ambayo kila mji unaweza kuwa nayo. Mji wao ulikaa mahali pazuri, hata nabii mwenyewe aliliona hilo, lakini maji yalikuwa mabaya na nchi haikufikisha mazao yake. Tungetarajia nabii aombe kupelekwa mashambani, maana huko ndiko hasara ilikoonekana na huko ndiko watu walikokuwa wakilia. Elisha hakukanyaga shamba. Aliomba bakuli jipya, akaagiza litiwe chumvi, akatoka hadi mahali maji yanapochipuka ardhini, akaitupa chumvi pale pale. Mistari minne tu, na habari inaendelea kwingine. Chemchemi hiyo ingali inatiririka Yeriko hata leo, kando ya kilima chenye magofu ya mji wa kale. Wenyeji huiita Ain es-Sultan, na mahujaji wa Kikristo huiita Chemchemi ya Elisha.

Juma hili ningependa tulisome somo hili tukiwa na watu ambao huenda hamjawahi kuwafikiria mkiwa ibadani: watu wanaofuga matumbawe nyumbani mwao. Mzee mmoja wa usharika wetu ana tangi la namna hiyo sebuleni, na kwa muda mrefu amekuwa mwalimu wangu katika jambo hili. Wafugaji wenzake wengi wako Marekani, Ujerumani na Japani, na baadhi ya samaki wa mapambo wanaouzwa huko huvuliwa kwenye miamba ya pwani yetu ya Kenya. Lakini ninachotaka mkione kwao ni namna wanavyopambana na mwani.

Tangi la matumbawe ni sanduku la vioo lenye maji ya chumvi, mawe yaliyojaa uhai, samaki wachache, taa kali, na pampu za kusukuma mkondo. Ndani yake matumbawe yako hai na yanakua. Chumvi ya maji yake iwe gramu 35 hivi kwa kila kilo, joto nyuzi 25 au 26, na kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, kwa sababu tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu hiyo. Bahari hutunza viwango hivi yenyewe. Lita mia mbili au tatu hazina ukubwa wa kumeza makosa ya mtu, kwa hiyo mwenye tangi hupima, huandika, na hupima tena.

Wale walioanza kazi hii zamani walihangaika sana, mpaka Lee Chin Eng wa Jakarta alipoandika, mwaka 1961, kwamba siri iko kwenye mawe. Aliyatoa baharini yakiwa bado na viumbe vyake, akayaweka tangini pamoja na mapovu ya hewa, na maji yakakaa vizuri. Leo tunajua sababu. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi katika vitundu vya mawe huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu bado, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita, na pengine zaidi, kabla bakteria hao hawajatosha kwa kazi. Mwenye haraka anayetia samaki siku ya tatu huwatia mautini. Na hata kazi hiyo ikikamilika, nitreti imebaki majini, na fosfeti iliyokuja na chakula imebaki nayo. Hizo mbili ni mbolea. Penye maji, mbolea na taa, mwani utaota tu.

Huanza na vumbi la kahawia juu ya mchanga. Baadaye hutokea nyuzi za kijani zinazoshika mawe, na mara nyingine utando mwekundu mzito ambao watu huuita mwani ingawa kwa hakika ni bakteria. Nyuzi zikilifikia tumbawe hulinyima mwanga, hulikwaruza, huzuia mkondo usilifikie. Tumbawe hujikunja, kisha huanza kufa kutoka pembeni.

Mgeni katika ufugaji huu huchukua mswaki. Husugua mawe, hufuta kioo, na jioni hiyo tangi hupendeza. Baada ya majuma mawili nyuzi zimerudi. Hapo huenda akanunua dawa, na dawa huua mwani kweli, lakini mwani uliokufa ukiachwa mle ndani huoza, na yote uliyokuwa umeyala hurudi majini yakiusubiri mwani utakaofuata. Mjuzi akiitwa kulitazama tangi hilo, swali lake la kwanza halihusu mwani kabisa. Huuliza: haya maji unayatoa wapi?

Maji ya bomba yanafaa kwa kunywa, na bado yanaweza kubeba fosfeti, nitreti, silika, klorini na chembe za shaba kutoka kwenye mabomba, kwa viwango visivyotudhuru sisi. Wafugaji makini huyasukuma kwanza kupitia utando mwembamba sana, kisha kupitia punje za resini, mpaka kifaa cha kupimia vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Ndipo huyatia chumvi. Na hapa kuna jambo ambalo limekaa moyoni mwangu tangu nilipoelezwa. Tangi hupoteza maji kila siku kwa mvuke, na kila siku mwenyewe hulijaza. Mvuke huchukua maji peke yake. Chumvi hubaki, silika hubaki, fosfeti hubaki. Kwa hiyo mtu anayejazia jagi moja la maji ya bomba kila asubuhi hatii kitu kinachoonekana kwa macho, na hata akilipima jagi hilo ataona kilichomo ni kidogo mno cha kumsumbua mtu. Lakini kilichomo kwenye jagi la leo hakitoki, na cha kesho kitaongezwa juu yake, na cha kesho kutwa juu ya hicho.

Nyumba nyingi ninazozihudumia zimeharibika kwa njia hiyo. Baba humjibu mkewe kwa mkato kila asubuhi, kwa sababu foleni ya magari pale Makupa inamsubiri. Mama humtajia binti matokeo ya dada yake kila mtihani unaporudishwa. Mjomba anayelala chumba cha watoto humwita mvulana mzembe mbele ya wageni, kwa mzaha, na wageni hucheka. Neno moja la namna hiyo hata mwenye kuambiwa hulipuuza. Siku hupita, uchovu wa siku hupita, na lile neno hubaki. Mtoto akifika miaka kumi na sita na kuacha kusema na watu wa nyumbani, ndipo mchungaji hupigiwa simu: njoo umwombee huyu, ana roho ya ukaidi. Nitakuja, na nitaomba. Lakini kabla sijamwekea mtoto mikono kichwani nitawauliza wazazi kile anachouliza mjuzi wa tangi. Na nitaomba jibu la kweli, maana kumwombea mtoto huku jagi la asubuhi likiendelea ni kusugua mawe.

Kuna jambo la pili, gumu kidogo. Kipimo cha fosfeti kinaweza kusoma sifuri katika tangi lililofunikwa na mwani. Asiyejua hufurahi na kusema maji yake ni safi, basi huu mwani umetoka wapi? Fosfeti ipo, tena inaingia kila siku. Mwani umeikamata kabla haijafika kwenye kichupa cha kupimia, na sasa iko ndani ya zile nyuzi. Wajuzi hawasomi kipimo bila kutazama tangi.

Ninyi mnaotembelea nyumba kwa niaba ya kanisa, lishikeni hili. Mnauliza hali, mnajibiwa kwamba Bwana ni mwema na hakuna shida. Mnaandika daftarini: familia iko sawa. Pengine iko sawa. Lakini tazameni pia baba anaporudi nyumbani, kama hurudi watu wakiwa wameshalala. Tazameni kama mama amepanda presha mwaka huu bila daktari kupata sababu, kama watoto husimama na kutoka chumbani baba anapoingia. Nyumba isiyo na ugomvi inaweza kuwa nyumba ambayo kila mtu ameumeza ugomvi wake. Nabii Nathani hakumwuliza mfalme Daudi hali. Alimsimulia habari ya mwana-kondoo mmoja wa maskini, akangoja, na Daudi mwenyewe akaifungua chemchemi yake.

Kisha kuna mawe, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu kwangu hapa ndipo penye moyo wa jambo. Mawe ya tangi yametokana na matumbawe ya zamani, ni chokaa, na chokaa huikamata fosfeti. Maji yakiwa na fosfeti nyingi kwa miezi, mawe huinywa polepole. Mwenye tangi akigundua kosa, akabadilisha maji, akapunguza chakula, akaweka kichujio cha kunasa fosfeti, kipimo hushuka. Siku chache baadaye kimepanda tena. Hajafanya kosa lolote jipya. Maji yaliposafika, mawe yalianza kuachilia yaliyokuwa yamehifadhi, na yataendelea hivyo kwa majuma, hata kwa miezi, mpaka yaishiwe. Wengi huvunjika moyo wakati huu. Husema njia hii haifanyi kazi, hurudia mswaki na dawa, au huuza tangi lote. Aliye na subira hubadilisha asilimia 10 ya maji kila juma, hulisha kwa kiasi, huendelea kunasa kinachotoka, na hajilaumu kwa kila kipimo kinachopanda.

Nawajua ndugu waliotubu kwa kweli. Waliacha pombe, waliacha nyumba ya pili, walirudisha fedha za chama. Mwezi wa tatu au wa sita, hasira ambayo wake zao hawakuwahi kuiona iliwatoka, au majonzi, au ndoto mbaya za mambo waliyotendewa wakiwa wadogo. Na kanisani tukasema, mwajua tulivyosema, kwamba kumbe hakuokoka. Tulikosea kusoma. Alipokuwa akinywa, yale yalikuwa yamefungwa ndani. Sasa maji yanayomzunguka yamekuwa safi kiasi cha kuyatoa. Ndugu wa namna hiyo anahitaji watu wa kukaa naye mwaka mzima, kila juma, bila kumshangaa. Zaburi ya 51 ni ombi la mtu aliyekwisha kukiri dhambi yake na bado anaomba aoshwe zaidi.

Msinielewe vibaya, kwamba lengo ni sifuri kila mahali. Kuna wafugaji walioichukia nitreti na fosfeti hata wakazimaliza kabisa. Matumbawe yao yalipauka kwa njaa, na mahali pa mwani wa kijani wakapata viumbe wengine wadogo wa kahawia, wenye utelezi na mapovu, ambao baadhi yao wana sumu ya kuua konokono na ni wagumu kuwaondoa kuliko mwani wa kwanza. Tumbawe lenyewe linaishi kwa mwani. Ndani ya nyama yake wamo mwani wa chembe moja, hula mwanga wa jua na kulipa tumbawe hata asilimia 90 ya nguvu linayohitaji. Bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, matumbawe ya Malindi, Watamu na Mombasa yaliwatoa mwani hao, yakawa meupe, na mengi yakafa. Weupe ule ulikuwa wa kifo. Kwa hiyo wafugaji wa sasa huacha kidogo, nitreti ya miligramu chache kwa lita na fosfeti ya sehemu ndogo sana ya miligramu, na hujitahidi viwango hivyo visiyumbe. Ninaifikiria nyumba ya Mkristo ambamo kila wimbo, kila mchezo na kila rafiki wa mtoto amepigwa marufuku, na ninasema kama mchungaji wenu: hapo utakatifu haujaongezeka, watoto wana njaa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kisiwa cha Oahu katika Hawaii, kwenye ghuba iitwayo Kaneohe. Kwa miaka mingi majitaka ya mji na ya kambi ya jeshi yalimwagwa humo. Mwani wa kijani wa mapovu mapovu ulitambaa juu ya matumbawe na kuyafunika. Watu wa pale hawakuzamia na miswaki. Mwaka 1977 na 1978 waliyageuza mabomba yale yakamwage mbali, kwenye kina cha bahari kuu. Maji yalianza kuwa bora mapema, na sehemu fulani matumbawe yakaanza kurudi. Lakini mwani wenyewe uliendelea kushika maeneo mengi kwa miaka zaidi ya 20 baada ya bomba kufungwa. Mwaka 2006 zilikuja wiki za mvua na mawingu mazito, mwanga ukapungua, na mwani ule ukaanguka ghafla. Mawingu peke yake yasingetosha wakati bomba lilikuwa wazi, maana ungeota upya. Aliyegeuza bomba mwaka 1978 alifanya kazi ambayo pengine hakuwahi kuiona ikikamilika.

Na kwa ajili ya haki, niseme kwamba si kila mwani hutokana na maji mabaya. Huko Jamaika matumbawe yalikuwa yamefunika karibu nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970. Kimbunga Allen kiliyavunja mwaka 1980, lakini pigo kubwa lilikuja baadaye. Samaki walao mwani, jamii ya pono na kangaja, walikuwa wamevuliwa kwa vizazi, na kazi yote ya kuula mwani ilikuwa imebakia kwa kiumbe mmoja mwenye miiba mirefu myeusi, mnamjua ninyi mnaotembea pwani maji yakitoka. Ugonjwa ulioanzia upande wa Panama mwaka 1983 uliwaua viumbe hao karibu wote katika bahari nzima ya Karibi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 matumbawe ya Jamaika yalikuwa chini ya asilimia 5, mahali pengine pote pakiwa mwani. Vivyo hivyo zipo koo ambazo ugomvi ulizuka mwaka ule nyanya alipofariki. Watu hudhani fedha ndizo zilizowagawa. Nyanya alikuwa akila maneno mabaya kila siku bila mtu kujua, peke yake, na hakuna aliyefundishwa kazi yake. Usharika wetu una akina mama watatu au wanne wa namna hiyo. Mungu awape maisha marefu, na atutie aibu ili tuwasaidie.

Jumatano mtakapokutana katika jumuiya, someni mistari ile minne ya Elisha kwa sauti, taratibu. Baada ya kusoma, msiombe maombi ya kukemea kitu chochote. Kila nyumba itaje kitu kimoja kinachoingia kwake kila siku, kidogo kidogo, ambacho wangependa kukizuia mlangoni, kisha mwombeane kwa ajili ya kitu hicho kimoja, na mrudi kukiulizia juma lijalo na juma linalofuata.

Na ninyi mnaojenga kuanzia Nyali hadi Shanzu, neno hili lichukueni pia kama lilivyo, bila fumbo. Maji ya vyoo na ya kufulia yanayopenya kwenye jiwe la matumbawe chini ya nyumba zetu huifikia bahari ile ile wanayovua ndugu zetu, yakiwa na nitreti na fosfeti zile zile. Kabla fundi hajaanza kuchimba shimo, mwulizeni maji yake yataishia wapi, na kama hana jibu, msimlipe achimbe.